Okidi Iliyooza kwa Maji ya Mkwe

Kitengela, Jumatano, mwezi wa Julai

Leo jua halijatoka. Ni ile baridi ya Julai inayotambaa kutoka nyika za Athi na kuingia mifupani bila kubisha hodi. Vumbi la malori limelala kwenye kioo cha dirisha langu, mawingu yamelala juu ya mabati, nami nimelala nusu kuketi, mito mgongoni, kwa sababu nikilala chali sipumui.

Nina hasira. Nimeamka nayo, nimekunywa chai nayo, na sasa naandika nayo.

Wanaosoma ukurasa huu ni wachache. Wapo wanafunzi wangu wa zamani, ambao siku hizi wana mvi na wajukuu, na wapo waliopotea njia wakitafuta jinsi ya kupika mboga ya mrenda. Kwa miaka mingi nimeandika hapa kama mtu anayesema peke yake jikoni. Leo nitasema lililo moyoni, kwa sababu moyo wenyewe hauna muda.

Hilo si fumbo. Daktari alinionyesha moyo wangu kwenye skrini: kifuko kikubwa kilichochoka, kinachopiga kama mzee anayepiga makofi kanisani kwa sababu tu wengine wanapiga. Maji hayasukumwi yakaisha. Yanabaki miguuni na mapafuni. Nilifundisha biolojia hadi nilipostaafu, na nimeuchora moyo ubaoni mara nyingi kuliko nilivyoandika jina langu. Kwa hiyo alipoanza kunifariji nilimwambia, "Daktari, ruka hapo. Nenda mwisho." Akaenda mwisho. Si mbali. Na mpaka ufike, napimiwa maji ya kunywa kama ndama anayeachishwa ziwa.

Mtu mwenye kiu huwa na roho mbaya. Nawaambia mapema ili msije mkashangaa.

Nina okidi moja. Haikununuliwa dukani. Ilitoka kwetu Vihiga, kwenye mti mkubwa nyuma ya nyumba ulioangushwa na upepo. Marehemu mume wangu alilikata tawi kwa msumeno, okidi ikiwa bado imelikumbatia, akalifunga kwenye nguzo ya veranda. "Huyu ni yatima, mwalimu," akaniambia. "Mlee." Kila mwaka, baada ya miezi ya ukavu, ilitoa maua ya manjano yenye madoa ya kahawia, kama ngozi ya chui, na jioni harufu yake ilitufanya tuache kubishana. Mume wangu alipokufa, ilichanua mwaka uleule, bila aibu. Niliichukia msimu mzima. Kisha nikaisamehe, kwa kuwa sikuwa na mwingine wa kusema naye.

Nataka okidi hii iishi baada yangu. Sina ombi jingine. Nyumba ya Vihiga itabomoka, vitabu vyangu vitaliwa na mchwa, wanafunzi watanisahau, na hayo yote nimeyakubali. Hili moja sijalikubali.

Na mwaka huu mkwe wangu aliiozesha.

Lazima nieleze, kwa ajili ya vijana. Ninaishi kwa binti yangu Eseri, aliyeolewa na Mkamba wa Machakos. Wana mtoto mmoja, Mumo, aliye shule ya bweni, na kwa hiyo mkwe wangu namwita Baba Mumo, kwa kuwa jina lake halisi halipiti kinywani mwangu. Kwetu Waluhya, mama mkwe na mume wa binti yake hawalali chini ya paa moja. Hawapeani mkono, hawali meza moja, na wakikutana njiani mmoja hupata ghafla jambo la kutazama kwenye ua wa jirani. Wakamba nao wana haya hiyo hiyo. Basi mimi na Baba Mumo tunakubaliana kabisa kuhusu jambo moja: kwamba tusionane.

Nilipozidiwa na ikabidi niwe karibu na hospitali za Nairobi, ni yeye aliyekuja kunichukua Vihiga kwa gari lake. Mimi nilikaa nyuma, okidi mapajani. Eseri alikaa mbele. Baba Mumo alikigeuza kile kioo cha kuangalia nyuma kikatazama dari, asije akaniona, na hivyo ndivyo alivyoendesha kutoka Vihiga hadi Kitengela, akipita malori ya mafuta bila kujua nyuma yake kuna nini. Mimi nilisali njia nzima, na si kwa sababu ya dini.

Hapa nilikubali kukaa kwa sharti la kulala kwenye chumba cha nje, kile ambamo majirani zetu ndani ya geti huwaweka wasichana wa kazi. Kina mlango wake na choo chake, na dirisha linalotazama kibaraza. Okidi niliiweka pale kibarazani, ndani ya chungu alichokinunua Eseri, juu ya sahani.

Ipo njia ya kuiondoa haya hiyo. Wazee wa pande mbili huketi, zawadi hupita mkono kwa mkono, na kuanzia siku hiyo mama na mkwe husalimiana kama watu wengine. Mume wangu alikuwa akisema tutafanya mwaka ujao. Mwaka ujao ulimkuta kaburini.

Kwa hiyo Eseri akiwa kazini, mkwe wangu na mimi huzungumza kupitia paka wa nyumba hii. Si mzaha. Yeye husimama upande wa jikoni, mahali nisipoweza kumwona, na kupaza sauti.

"Paka, mwambie mama dawa za mchana ziko hapo kwa meza ya nje."

"Paka," nami hujibu, "mwambie huyo mtu kwamba mimi si kipofu."

"Paka, mwambie mama daktari alisema azimeze na chakula."

"Paka, muulize huyo mtu udaktari alisomea wapi, maana mimi nilisikia anachimba mashimo."

Kisha, kwa adabu ya kuudhi: "Paka, mwambie mama ni mashimo ya maji."

Ndiyo kazi yake kweli. Ameajiriwa na watu wanaochimba visima, ofisi yao iko Kajiado mjini. Huondoka alfajiri, na kuna majuma anayoyamaliza huko Mashuuru, ambako wakati wa ukame ng'ombe walikuwa wakianguka na wenye mifugo wakiwainua kwa mikia. Eseri anasema hurudi kutoka huko akiwa hana neno, anaketi tu akiitazama glasi yake. Kwa mtu wa aina hiyo maji ni dini. Hakuna jambo duniani, liwe huzuni au moto, ambalo hataona kwamba linahitaji kumwagiwa maji.

Sasa niseme kwa nini namchukia. Hata Eseri hajui.

Mvua za mwaka jana nilianguka bafuni. Eseri alikuwa Nairobi. Maji yalikuwa yakitiririka, mlango sikuwa nimeukaza, nami niko chini, pumzi zinakatika. Nilikuwa nimevaa shimizi tu, imelowa na kunigandama. Aliyekuwa nyumbani ni yeye peke yake. Nilimsikia akisema na paka kutoka nje, mara ya kwanza kwa sauti ya kawaida, mara ya pili kwa woga. Paka hakuwa na jibu.

Akaingia.

Alinitupia taulo huku amefumba macho. Niliona. Alifumba macho kabisa, akapapasa sakafu kama kipofu anayetafuta sarafu, akanipata, akaniinua mikononi, akanibeba hadi kwenye gari. Majirani walitoka kwenye vibaraza vyao. Mlinzi wa geti alivua kofia, kana kwamba tayari ni maiti inayopita. Na mimi, mwalimu wa watu, mjane wa mzee wa kanisa, nilikuwa nimelaza kichwa kwenye kifua cha mume wa binti yangu, nywele wazi, maji yakinichuruzika mbele ya watu. Hospitalini walisema angekawia kidogo ningekufa.

Sijamsamehe.

Kina mama wa kanisa wakija kuniombea hunishika magoti na kusema, "Mwalimu, una bahati wewe! Wakwe wa siku hizi hata simu hawashiki." Natabasamu kwa meno ya bandia. Hawajui jinsi ilivyo kuokolewa na mtu ambaye hupaswi kugusana naye hata kidole. Alichagua uhai wangu bila kuniuliza, na tangu siku ile kila pumzi ninayovuta naivuta kwa hisani yake. Mtu akikutendea wema usioweza kuurudisha, kinachobaki ni kumwombea akosee. Nilimchunguza kama mwalimu mwenye kalamu nyekundu anayesahihisha mtihani wa mwanafunzi bora. Havuti. Halewi. Hampigi binti yangu wala hamfokei. Hata kukoroma, Eseri anasema hakoromi.

Kisha, mwanzoni mwa baridi hii, akaanza kuimwagilia okidi maji.

Nilimwona kupitia pengo la pazia. Alikuja kabla ya kuondoka kwenda Kajiado, akinyata, viatu mkononi, jagi mkono mwingine. Hakutumia maji ya bomba, ambayo hapa Kitengela yana chumvi ya kuacha ukoko kwenye birika. Alitumia maji matamu ya mtungi, yale ya kununua, tunayokunywa. Akamimina polepole mpaka sahani ikajaa. Akasimama akiitazama, kama mtu aliyepeleka chakula kwa mgonjwa na anangoja amwone akimeza. Akaenda zake. Kesho yake akarudi. Na siku iliyofuata.

Hapa ndipo ungamo langu linapoanza.

Nilijua. Okidi hii ya kwetu huishi juu ya miti, mizizi yake ikiwa hewani, na hupenda upepo kuliko maji. Wakati wa baridi hulala. Ukiinywesha ikiwa usingizini, mizizi hukosa hewa, hulainika, na kuvu huingia. Nimeyafundisha hayo kwa watoto waliokuwa wakipiga miayo. Neno moja kwa Eseri lingetosha. Neno moja kwa paka lingetosha!

Sikusema. Mimi niliyeambiwa nipumzike nilikuwa nikiamka kabla ya ndege, naketi nyuma ya pazia, namtazama akikosea. Ulimi wangu umekauka kama gome, na mtu huyu anamwaga maji matamu mbele ya macho yangu, na nilifurahi. Jani la kwanza lilipogeuka manjano nilifurahi. Shina moja lilipopiga weusi chini, likalainika, likaanza kuchuruzika uchafu wenye uvundo, moyo wangu huu mbovu uliruka kama wa msichana aliyepigiwa mluzi. Nilikuwa nimempata.

Nilikitoa sadaka kitu pekee ninachotaka kiishi, ili mtu mwema awe na hatia. Mkitafuta maneno ya kuandika kwenye kaburi langu, hayo hapo.

Majani yalipodondoka yote, nilikuja hapa kufanya karamu. Ninyi mlisoma. Niliandika kwamba okidi ya marehemu imeuawa na mikono isiyo na akili, mikono inayodhani kila kiumbe ni ng'ombe wa Mashuuru. Niliipenda sana sentensi hiyo. Niliisoma tena na tena kwa sauti. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika chini yake: pole sana mwalimu, lakini bado unajua kuandika.

Siku chache baadaye nilikuta mlangoni okidi nyingine, ya dukani, ya zambarau, imefungwa utepe, na kijiti cha kuinyoosha shingo. Hakuna aliyesema imetoka wapi. Nikamwita mlinzi wa geti nikampa.

"Mpelekee mke wako."

Aliizungusha akiitazama. "Mwalimu, hii inapikwa na nyama ama peke yake?"

"Ajaribu zote mbili," nikamwambia.

Ile iliyooza niliitoa kwenye chungu mwenyewe. Msinipambe kwa hilo, sikuongozwa na upendo. Nilitaka ushahidi. Nilitandaza gazeti kitandani nikaipasua kama tulivyokuwa tukipasua vyura maabara. Mizizi ilikuja mkononi kama tambi zilizochemka kupita kiasi. Ukivuta, nyama inateleza na kubaki uzi. Chumba kikanuka kinamasi. Nikapitisha wembe kwenye moto wa kiberiti, nikakata kila kilicholainika, nikaendelea kukata juu ya weusi mpaka nikakuta nyama nyeupe isiyo na doa. Mikono yangu hutetemeka, kwa hiyo nilijikata na mimi. Mwishoni vilibaki vipande viwili vya shina, vimekunjamana kama vidole vyangu, bila jani, bila mzizi wa maana. Nikavipaka mdalasini kwenye vidonda, maana kuvu haiupendi, nikaviacha kivulini vikauke, bila tone la maji, kwa siku nyingi hata Eseri akaanza kuulizana na shangazi zake kwa simu kama akili yangu imeanza kuhama. Kisha nikavisimamisha juu ya vipande vya makaa ndani ya kopo nililolitoboa, nikaliweka juu ya kabati langu, ndani, mbali na majagi ya watu.

Nilijiambia naihifadhi maiti kwa ajili ya kesi.

Leo asubuhi niliinuka kuchukua dawa, nikaona kitu.

Chini kabisa ya kipande kimoja, palipokuwa na ganda kavu, palikuwa pamevimba. Nikavaa miwani. Nikachukua na lenzi ya mkononi ninayoitumia kusoma maandishi ya dawa. Lilikuwa jicho. Jicho la kijani, limetokeza ncha, na ubavuni mwake ncha nyeupe ya mzizi mpya inayotafuta makaa.

Ningependa kuwaambia kwamba nililia kwa furaha. Nilikasirika. Nilikasirika mpaka nikalazimika kuketi, pumzi zikipiga filimbi. Moyo wangu haurudi, dawa zote za Nairobi zimeshindwa, na hiki kilichooza mbele ya macho yangu, nilichokikata kwa wembe, kinaanza upya kana kwamba hakuna lililotokea! Na halafu ikanijia, kwa uchungu mwingine, kwamba kama haikufa basi kesi yangu haina maiti.

Eseri akaingia na uji. Leo hakwenda kazini, alikuwa na mafua. Alinikuta nimekumbatia kopo.

"Mama, bado uko na hiyo maiti?"

"Si maiti. Tazama."

Akainama. Binti yangu hana macho ya mimea, anaweza kuua hata sukuma wiki. Lakini hili aliliona. Akaweka bakuli chini, akaketi kitandani, machozi yakaanza kumtoka.

"Sasa unalilia kopo?"

"Wacha nimpigie Baba Mumo. Lazima nimwambie."

"Umwambie ili aje na jagi?"

Mkono wake ulikuwa tayari kwenye simu. Ukasimama.

"Jagi? Nani alikuambia ni jagi?"

"Nilimwona."

"Ulimwona siku gani?"

Sikupata uongo kwa haraka. Nikasema ukweli. "Kila siku."

"Ukamwangalia tu?" akasema. "Mama. Kila siku ukamwangalia tu?"

Nilifundisha miaka mingi na nimekutana na macho ya wazazi wenye hasira, ya wakaguzi, ya watoto wanaofukuzwa shule. Sijawahi kutazamwa hivyo.

"Na unajua kwa nini alianza?" akaendelea, na sauti yake ilikuwa imeshuka, jambo ambalo kwa Eseri ni baya kuliko kelele. "Si wewe uliandika? Hapo kwa blogu yako. Uliandika ati hapa Kitengela kila kitu kiko na kiu, hata okidi yako inakuangalia kama mtoto amenyimwa maji. Baba Mumo anasoma kila kitu unaandika, mama. Kila kitu. Anasema hiyo ndiyo njia peke yake ya kujua mama anawaza nini. Alisoma hiyo jioni. Asubuhi akachukua jagi."

Nikauliza, ingawa sikutaka jibu, "Na ile ya mikono isiyo na akili?"

"Alinisomea mwenyewe. Kwa sauti. Nikakasirika, nikasema nakuja kuongea na wewe. Akanishika. Akasema mama hajakosea, hiyo ua ni yeye alimaliza."

Akainuka. Akachukua bakuli la uji, akatoka nalo. Nilibaki na njaa mpaka saa nane, na ilikuwa haki.

Mchana nilirudi nyuma kwenye ukurasa huu kutafuta. Nimeyapata maneno. Niliyaandika siku ambayo upepo ulileta vumbi jeupe mpaka kwenye shuka, siku nilipomaliza kipimo changu cha maji kabla ya adhuhuri na Eseri akakataa kuniongezea. Sikuwa nikisema juu ya okidi. Okidi ilikuwa salama, imelala zake. Niliona haya kuandika kwamba nina kiu, mtu mzima, mwalimu, kwa hiyo nikaandika kwamba ua lina kiu. Na katika dunia nzima mtu mmoja akaniamini, akaleta maji.

Maji ya mtungi. Sijui kwa nini hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Basi sasa najua naandika kwa nani. Wengine mnaweza kuendelea kusoma, lakini haya yaliyobaki si yenu.

Baba Mumo, utasoma hii ukiwa Kajiado, ofisini, au kwenye gari mkingoja mashine ifike kwenye maji. Nitakuandikia bila paka.

Sikupendi. Soma vizuri hapo, usipite haraka. Hunikasirisha unavyokohoa ili nijue unapita. Hunikasirisha viatu unavyovishika mkononi. Ulinibeba mbele ya watu, na bado sioni jinsi nitakavyokusamehe katika muda niliobakiwa nao. Nisingependa udanganywe kwenye mazishi yangu na mtu atakayesimama kusema tulipendana kama mama na mwana.

Lakini okidi hukuiozesha wewe. Niliiozesha mimi, nimeketi, nikitumia mikono yako. Ulisema sikukosea. Nilikosea, na nilijua, na niliipenda ladha yake. Lawama uliyoibeba majuma haya yote ni yangu, naichukua leo, mbele ya wanafunzi wangu na watafutaji wa mrenda.

La pili ni gumu zaidi kuandika. Nimewaza mchana kutwa nani atakayeitunza. Eseri hawezi, unamjua. Mumo bado mtoto na yuko shule. Ndugu zangu Vihiga watamtupia mbuzi. Kila nilipogeuka nilikukuta wewe, na nikatukana kwa lugha ya kwetu. Mtu anayeamka alfajiri, akavua viatu asimwamshe mama mkwe, akakinywesha kitu kisicho chake kwa maji ya kunywa, mtu huyo ana kila kinachohitajika, ila hajafundishwa kuuzuia mkono. Hilo naweza kulifundisha. Sijapoteza kazi yangu yote.

Mzizi ukiwa mweupe kama chaki, una kiu. Ukiwa kijani, umeshiba, uache. Baridi ikiingia usimwage kitu mpaka chipukizi liwe na urefu wa kidole chako. Sahani itupe. Ukiwa na shaka, usimwagilie. Ukiwa na huruma, usimwagilie kabisa. Najua ni sheria ya ukatili kwa mtu aliyeona ng'ombe wakiinuliwa kwa mikia, lakini kuna viumbe ambavyo ukavu ndio uhai wao. Itachukua miaka kuchanua. Utangoja. Naona wewe ni mtu wa kungoja.

Wazee wa kutuondolea haya hatutawapata tena. Wa upande wangu wamekufa, na mimi niko njiani kuwafuata. Kwa hiyo nitafanya isivyofanywa. Jumamosi huendi Kajiado. Njoo mchana kwenye kibaraza changu. Nitakuwa nimeketi nje, na kopo nitakuwa nimelishika. Sitaliweka chini uliokote. Nitakupa mkononi, na wewe utapokea kutoka mkononi, na majirani wakitaka kutoka kutazama watoke. Ukoo wangu utasema, na ukoo wako utasema. Waache waseme. Mimi sitakuwepo kwa muda mrefu kusikia, na wewe umezoea kunyamaza.

Usinishukuru. Ukinishukuru nitakasirika, na daktari amekataza.

Sijui kama mkono wangu utanyooka. Nimeujaribu sasa hivi, peke yangu, kuelekea mlango uliofungwa, na ulijirudi kifuani, na si kwa sababu ya ugonjwa tu. Miaka themanini na zaidi ya kufundishwa kuurudisha nyuma haiondoki kwa majuto ya mchana mmoja.

Jumamosi ni mbali kwa mtu wa hali yangu. Nitaifikia kwa ubishi.